Banda la mabati lenye kuta za marobota ya mabua: dalili za matatizo na chanzo chake

Mabua makavu ya ngano, shayiri au mpunga ni kizuizi kizuri sana cha joto, na banda la mabati linakihitaji kizuizi hicho kuliko karibu jengo lolote jingine la shambani. Shida ni kwamba bati na mabua havielewani vikiachwa vigusane. Chuma hupitisha joto takribani mara elfu moja zaidi ya robota la mabua, hakiruhusu mvuke kupita hata chembe, na usiku usio na mawingu hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Mabua nayo hayaozi yakiwa makavu, hata miaka mingi ipite, lakini hufyonza maji upesi na kuyaachia polepole.

Ndiyo maana karibu kila dalili iliyomo humu, ukiifuatilia hadi mwisho, inaishia kwenye maji. Kwa hiyo kabla hujashika nyundo jiulize swali moja: haya maji ni ya mvua, ya ardhini, au ya pumzi? Ya mvua hushuka kutoka juu au hupigwa na upepo kutoka ubavuni. Ya ardhini hupanda kupitia zege na tofali. Ya pumzi ni mvuke unaotoka kwa wanyama, kwenye mkojo na samadi, ukasafiri hewani hadi ukutane na kitu cha baridi. Tiba zake hazifanani, na mara nyingi tiba ya moja huzidisha jingine. Anayeziba matundu ya hewa akidhani mvua inaingilia pale, kumbe maji yake ni ya pumzi, atakuta mabua yamelowa zaidi kabla msimu haujaisha.

Ujenzi wenyewe si jambo la kubahatisha. Walowezi wa Nebraska, Marekani, walianza kujenga kwa marobota mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu miti ilikuwa haba na mashine za kufunga marobota zilikuwa zimefika. Kanisa la kijiji cha Arthur katika jimbo hilo, lililojengwa 1928, bado limesimama. Kule Montargis, Ufaransa, ipo nyumba ya marobota ya mwaka 1920. Majengo hayo hayakuwekewa bati mgongoni. Sisi tunaoanza na banda la chuma ambalo tayari lipo ndio wenye kazi ya ziada, na kazi hiyo ndiyo hasa inayorukwa.

Pima kabla ya kukisia

Robota la kujengea linatakiwa liwe na unyevu usiozidi asilimia 20 ya uzito wake. Hicho ndicho kiwango kilichomo kwenye kiambatisho cha mwaka 2015 cha kanuni ya mfano ya ujenzi wa makazi ya Marekani, na kiambatisho hichohicho kinataka robota liwe na uzito wa angalau kilo 104 hivi kwa mita ya ujazo. Banda la mifugo si nyumba ya kuishi, lakini namba hizo zinafaa kushikwa popote. Robota legevu lina njia za hewa ndani yake na hunywea baadaye. Lishike kwa kamba zake mbili ulinyanyue: likipinda katikati, au ukiweza kupenyeza kiganja kizima chini ya kamba bila kulazimisha, halifai ukuta. Lifanye matandiko.

Hakikisha pia kwamba ni mabua, yaani mashina yaliyobaki baada ya nafaka kuvunwa, si majani ya malisho yaliyokaushwa. Malisho yana mbegu na virutubisho vingi, huoza upesi na huita wadudu na panya. Marobota ya aina hizi mbili hufanana kwa mbali, ila ya malisho huwa na rangi ya kijani iliyofifia na harufu tamu.

Kwa kupima, tumia kipima unyevu cha malisho, kile chenye sindano ndefu ya chuma. Pima ukuta kwenye vimo vitatu, karibu na chini, katikati na karibu na paa, na katika kila mahali pima mara tatu: juujuu upande wa ndani, katikati ya robota, na nyuma kabisa karibu na bati. Andika tarehe na hali ya hewa. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Vikipangwa pamoja ndipo vinaposema. Unyevu ukipanda baada ya mvua na kushuka baada ya jua, shuku mvua. Ukiwa juu chini tu, mwaka mzima, shuku ardhi. Ukiwa juu nyuma tu, karibu na bati, na ukizidi msimu wa baridi hata mvua isiponyesha, hayo ni maji ya pumzi.

Kama huna kipima, chomeka nondo nyembamba isiyo na kutu hadi katikati ya robota, iache nusu saa, kisha ichomoe na uikamate mara moja kwa mkono mkavu. Nondo yenye ubaridi wa kawaida na ukavu ni habari njema. Yenye unyevu inateleza kidogo na kunuka uvundo. Yenye joto kuliko hewa ya nje ni jambo la haraka. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya robota linalopata moto.

Matone yanadondoka asubuhi ingawa mvua haikunyesha

Ingia bandani alfajiri na tochi, kabla jua halijapiga paa, na umulike upande wa chini wa bati kutoka ubavuni, mwanga ukiteleza juu yake. Ukiona vitone vidogo vimetanda sawasawa kwenye bati lote, vikubwa zaidi vimejipanga kwenye mistari ya papi (nguzo za ulalo zinazoshikilia bati la paa), na kila ncha ya skrubu ina tone lake, huo ni mvuke uliogeuka maji. Paa linalovuja huonekana tofauti. Lina doa lenye mwanzo, skrubu fulani au ungio fulani, na mchirizi mmoja unaoteremka kutoka hapo. Tena huvuja mvua ikinyesha. Jasho la bati huja baada ya usiku mkavu wa anga safi. Bado una shaka? Siku kavu mwagia paa maji kwa mpira, ukianza chini na kupanda taratibu, mtu mwingine akiwa ndani anaangalia. Ukianza juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Chanzo cha jasho ni hewa ya ndani kubeba mvuke mwingi kuliko inavyoweza kuushika ikigusa bati baridi. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa zaidi ya lita 10 za maji kwa siku kupitia pumzi na ngozi. Ng'ombe 20 basi ni zaidi ya lita 200 kila siku zinazotafuta pa kutua, na hapo mkojo na maji ya kuoshea sakafu hayajahesabiwa.

Wengi huliona tatizo hili kwa mara ya kwanza baada ya kuweka marobota, wakalaumu mabua. Kilichotokea ni kwamba banda la mabati matupu lilikuwa linapumua kwa nyufa zake: chini ya bati, kwenye pembe, kwenye mikunjo isiyokutana. Marobota yameziba zote. Joto limebaki ndani, na mvuke umebaki nalo, huku paa likiwa bado bati tupu.

Tiba yake ni njia ya hewa: mwanya wa kutolea kwenye mgongo wa paa, urefu wote wa banda, uliofunikwa kofia iliyoinuliwa ili mvua isiingie, pamoja na matundu ya kuingizia hewa chini ya upenu pande zote mbili. Hewa yenye joto hupanda na kutoka yenyewe, ikiondoka na mvuke. Kipimo cha haraka ni pua yako: chuchumaa hadi kimo cha kichwa cha mnyama aliyelala. Amonia ikikuchoma macho hapo, hewa haitoshi, hata kama ukisimama wima husikii kitu. Usimalize shida hii kwa kuwasha jiko la gesi lisilo na bomba la kutolea moshi. Gesi ikiungua huzalisha maji, na utakuwa umeongeza mvuke.

Paa lenyewe linahitaji kizuizi cha joto pia, na hapa nasema wazi: usipandishe marobota juu ya papi wala kuyatundika chini yake. Tabaka la sentimita 35 lina uzito wa kilo 35 hivi kwa kila mita ya mraba likiwa kavu, na likilowa huwa zaidi. Kenchi za banda jepesi la chuma hazikukokotolewa kubeba mzigo huo. Ama tumia kizuizi chepesi kilichotengenezwa kwa ajili ya paa, ama jenga dari ya mbao inayojitegemea kwenye nguzo zake, kwa hesabu za mhandisi.

Ukuta unanuka uvundo, au madoa meusi yanatokea

Hili ndilo tatizo kubwa. Msidai ukuta umekufa kabla hamjaufungua. Fungua skrubu za bati moja kutoka nje, mahali ambapo kipimo kimesoma juu zaidi, livute kidogo na uangalie mgongo wa robota.

Mabua mazima yana rangi ya dhahabu, yanang'aa kidogo, na ukiyakunja yanarudi. Yenye vidoa vyeusi au kijivu juujuu lakini bado magumu yalilowa zamani yakakauka. Si mabaya, ila yanakuambia kwamba maji yalipita hapo. Yaliyogeuka kahawia ya giza, yanayokatika vidoleni bila mlio na kuacha uteute, yameoza, na hayo hayaponi. Sasa tazama umbo la sehemu iliyooza. Ukanda mwembamba ulioenea kote kwenye uso unaogusa bati ni mvuke kutoka ndani. Alama inayoanza kwenye tundu la skrubu au kona ya dirisha na kutanuka kwenda chini ni mvua. Kwa uzoefu wa wajenzi wa kuta hizi, chini ya dirisha ndipo panapoharibika mapema: kizingiti kisichotoa maji nje vizuri huyarudisha yote ndani ya robota lililo chini yake.

Kama ni mvua, rekebisha dirisha. Kizingiti kiwe na mwinamo wa kwenda nje, kitokeze mbele ya ukuta, kiwe na mfereji mdogo upande wa chini ili tone likatike badala ya kurudi ukutani, na chini yake pawe na karatasi ya lami iliyokunjwa juu pembeni. Kisha badilisha washa za mpira zilizopasuka kwenye skrubu. Jua huzikausha, na kila moja iliyopasuka ni tundu.

Kama ni mvuke, kazi ni mbili na zote ni za lazima. Ya kwanza ni kuacha nafasi ya hewa ya sentimita 3 hadi 5 kati ya mabua na bati, iliyo wazi chini na juu ili hewa ipande nyuma ya bati na kukausha kinachofika pale. Matundu yazibwe kwa wavu wenye macho yasiyozidi milimita 6. Ya pili ni lipu pande zote mbili za marobota, hata ule upande unaotazama nafasi hiyo. Lipu ya udongo wa mfinyanzi au ya chokaa huzuia hewa kupita huku ikiruhusu mvuke kidogo upenye na kukauka. Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Mvuke unaopenya polepole kwenye lipu ni kidogo mno ukilinganisha na ule unaobebwa na hewa inayopuliza kwenye ufa. Mita kumi za lipu nzuri hazisaidii kama ufa wa kidole umeachwa pale ukuta unapokutana na nguzo.

Kuutafuta ufa huo subiri siku ya upepo. Funga milango, chukua ukanda wa karatasi laini ya chooni na uupitishe polepole kando ya nguzo, juu ya ukuta, kuzunguka fremu na maboksi ya umeme. Karatasi ikicheza, pana hewa. Usitumie moto wala kitu kinachofuka karibu na mabua yaliyo wazi. Mianya jaza kwa mabua yaliyochovywa kwenye tope jembamba la mfinyanzi, sindilia, kisha pitishia lipu.

Kuhusu nailoni: naipinga. Wapo wanaotandaza nailoni ndani ya ukuta kuzuia mvuke, na kwenye karatasi hoja yao inaeleweka. Shambani nailoni hutobolewa na pembe, uma na panya ndani ya msimu mmoja, mvuke ukapita kwenye matundu, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Lipu iliyotobolewa unaiziba kwa kiganja cha tope.

Chumba cha ubaridi cha kuhifadhia mazao hugeuza kila kitu: pale mvuke husafiri kutoka nje kwenye joto kuja ndani kwenye baridi, kwa hiyo lipu ya nje ndiyo inayobeba kazi kubwa, na ukuta unatakiwa ukaguliwe mara nyingi zaidi. Kwa chumba cha kugandisha, chini ya nyuzi sifuri, nisingetumia mabua kabisa.

Robota za chini zimeoza, za juu ni nzima

Hapa hakuna fumbo. Marobota yaliwekwa moja kwa moja kwenye zege, au kimo cha kitako ni kifupi. Zege hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha. Robota la kwanza linatakiwa likae angalau sentimita 20 juu ya ardhi ya nje. Kwenye banda la mifugo mimi ningepandisha zaidi, hadi juu ya pale ambapo samadi hufika na maji ya kuoshea hurukia. Jenga kitako cha tofali au mawe, tandika karatasi ya lami juu yake, kisha weka mbao mbili sambamba, moja kila ukingo, na ujaze kokoto katikati. Maji yoyote yatakayoteremka ndani ya ukuta yatashukia kwenye kokoto, si kwenye mabua.

Nje, banda la mabati mara nyingi halina upenu wa maana, na matone ya paa huruka kutoka ardhini hadi ukutani. Weka gata, na chini yake tandaza ukanda wa kokoto upana wa nusu mita.

Kutu inatokea ndani

Anza na rangi. Unga mweupe kwenye bati lililopakwa zinki ndiyo dalili ya mapema, zinki yenyewe ikiliwa. Ukiona hapo bado una muda. Wekundu maana yake zinki imekwisha na chuma kimeanza.

Sababu za kawaida ni tatu: mabua mabichi yaliyobanwa kwenye bati, amonia ya samadi ikiyeyuka kwenye jasho la bati, na lipu mbichi ya chokaa au saruji iliyoguswa na bati. Ya mwisho husahaulika. Chokaa na saruji zikiwa mbichi ni kali kwa zinki, na kwa alumini ni kali zaidi. Mwanya wa hewa unaotatua ukungu unatatua hili pia. Nguzo za chuma zilizozama ndani ya marobota zina hatari ya pekee, kwani hutoa baridi nje na kuileta katikati ya mabua, na maji hujikusanya juu yake mahali ambapo hutayaona. Ni bora ukuta wote wa mabua upite upande wa ndani wa nguzo, bila kukatwa nazo. Ukishindwa, isugue nguzo, ipake rangi ya kuzuia kutu, na uizungushie mabua yenye mfinyanzi hadi pasiwe na uwazi.

Ukuta ni mnene lakini banda bado lina joto, au bado lina baridi

Utafiti uliofanywa katika maabara ya Oak Ridge, Marekani, mwaka 1998 ulipata kwamba ukuta wa marobota wa unene wa karibu nusu mita una ukinzani wa joto wa takribani 4.8 kwa vipimo vya mita (namba ikiwa kubwa, joto hupita kwa shida zaidi). Huo ni ukuta bora. Banda likiendelea kuchemka mchana, basi joto haliji kwa njia ya ukuta. Jua la adhuhuri hupiga paa, na bati likipata moto huangaza joto moja kwa moja juu ya migongo ya wanyama. Kuhami kuta na kuacha paa tupu ni kuvaa koti zito ukaacha kichwa wazi. Paka paa rangi nyeupe, weka kizuizi chini yake, fungua mgongo wake.

Kumbuka pia kwamba wanyama ni majiko. Banda lililojaa na kuhamiwa vizuri bila hewa ya kutosha litakuwa na joto kuliko lilivyokuwa, na hilo si kosa la mabua.

Kama tatizo ni baridi, gusa ukuta wa ndani kwa kiganja asubuhi. Mistari ya ubaridi kwenye nafasi zinazolingana inaonyesha vyuma vya ulalo vinavyopenya kutoka kwenye bati hadi ndani. Mabaka ya ubaridi yasiyo na mpangilio ni maungio ya marobota yasiyojazwa. Ubaridi ulio juu kabisa ni pengo.

Pengo limetokea juu ya ukuta

Marobota hunywea kwa uzito wake yenyewe. Lipu ikipigwa siku ileile ukuta unaposimama, itapasuka kwa ulalo na juu patafunguka. Panga marobota kwa kupishana maungio kama tofali, yakaze kwa mikanda ya kukazia mizigo kutoka kitako hadi ubao wa juu, ukaze tena baada ya siku kadhaa, ndipo upige lipu. Kwa ukuta ambao tayari umenywea, jaza pengo kwa mabua yenye mfinyanzi, ukisindilia kwa mpini wa jembe hadi yakatae kuingia.

Nyufa nyembamba zilizotapakaa kwenye lipu, bila pengo juu, ni habari nyingine: mchanganyiko una mfinyanzi mwingi kuliko mchanga, mabua yaliyokatwakatwa hayatoshi, au jua limekausha upesi. Piga koti jembamba la tope kwanza, likisukumwa kwa nguvu ndani ya mabua, kisha makoti mengine mawili. Ya chokaa yanyunyizie maji na kuyakinga jua kwa siku kadhaa. Lipu ya saruji tupu usiipige. Ni ngumu, hupasuka, na maji yakiingia kwenye ufa hayatoki.

Bati limevimba kwenda nje

Hutokea kwa marobota yaliyorundikwa ukutani kwa msimu mmoja tu, bila lipu, kukinga upepo wa baridi. Njia hii inafaa ukijua mipaka yake. Bati jembamba halikuumbwa kuegemewa. Rundo lijisimamie, likiwa na mwinamo mdogo kuelekea ndani, mbali na bati kwa upana wa kiganja, na juu ya mbao za kupakilia mizigo. Msimu ukiisha liondoe lote, ulitumie kama matandiko. Kulihifadhi mahali palepale hadi mwaka unaofuata ni kuwajengea panya nyumba.

Panya, wadudu na wanyama wenyewe

Panya mdogo hupita tundu linalozidi milimita 6 kidogo tu. Hafuati mabua, hufuata punje zilizobaki ndani yake na chakula cha mifugo kilichomwagika kando, kwa hiyo hamisha chakula kwenye mapipa yenye vifuniko na uzibe lipu pote ilipopasuka, hasa chini. Mchwa hupanda kupitia vijia vya udongo juu ya kitako. Acha kitako wazi ili uvione, na uvivunje.

Kwenye mabanda ya kuku wapo mbawakawa wadogo weusi wa matandiko ambao mabuu wao hutoboa vizuizi vya kila aina ili wajigeuze humo. Lipu nzima isiyo na ufa, na kuondoa matandiko yote kila kundi linapotoka, ndiyo kinga ya kweli.

Ng'ombe hulamba lipu, hujikuna juu yake na kuisukuma. Mbuzi wakipata ufa watakula ukuta. Pigilia mbao hadi kimo cha mita 1.2 au zaidi.

Robota linapata moto

Mabua makavu hayajichemshi. Yaliyofungwa yakiwa na unyevu, au yenye magugu mabichi ndani yake, huweza. Nondo ikitoka na joto, ingiza kipimajoto. Kwa marundo ya malisho, nyuzi 55 za Selsiasi ni za kukagua kila siku, zaidi ya 65 ni hatari, na kufikia 80 moto huwa karibu. Tumia kiwango hichohicho hapa. Likiwa chini ya 55, litoe robota nje. Likifika 65, hamisha wanyama na uite zimamoto kabla ya kufungua chochote, kwa sababu hewa ikiingia ghafla huweza kuwasha kilichokuwa kinafukuta. Usipande juu ya rundo la namna hiyo. Katikati huenda pameshakuwa shimo.

Hatari nyingine huja wakati wa ujenzi. Ukuta uliopigwa lipu hustahimili moto vizuri: katika majaribio ya mwaka 2006 nchini Marekani, wenye lipu ya mfinyanzi ulifaulu jaribio la saa moja na wenye lipu ya saruji na chokaa ulifaulu la saa mbili. Mabua yaliyotapakaa sakafuni hushika kwa cheche moja ya grinda. Kazi zote za kuchomelea zimalizike kabla robota la kwanza halijaingia. Ikibidi kuchomelea baadaye, fagia, lowesha sakafu, na mtu akae na maji kwa saa moja baada ya kazi kuisha. Na ule mwanya wa nyuma ya bati ukiachwa na mabua wazi utavuta moto kwenda juu kama bomba la moshi. Ndiyo sababu ya pili ya kupiga lipu upande huo.

Kukata na kubadilisha sehemu iliyooza

Si lazima kubomoa ukuta mzima. Kwanza zuia maji yaliyosababisha, la sivyo utarudi palepale. Egemeza ubao wa juu kwa nguzo za muda kama marobota yanabeba chochote. Vaa barakoa inayochuja vumbi, kwani vumbi la ukungu hudhuru mapafu. Kata lipu kwa msumeno wa mkono, ukitoka sentimita 15 nje ya pale panapoonekana pabaya, na utoe mabua hadi ufikie ya dhahabu pande zote, nyuma pia. Acha shimo wazi hadi kipima kisome chini ya asilimia 20 kwenye kingo zake. Kisha jaza kwa matabaka ya robota jipya, yaliyosimama kwa mwelekeo uleule wa ya zamani na kusindiliwa kwa nguvu, chovya yale ya kingoni kwenye tope, na upige lipu ya aina ileile iliyokuwepo. Chomeka bomba jembamba lenye matundu ndani ya kiraka, weka kipande cha msonobari mkavu ndani yake, ziba mdomo, na kila mwezi kitoe ukipime kwa kipima unyevu cha mbao. Kikibaki chini ya asilimia 20 msimu wote wa mvua na wa baridi, toa bomba na uzibe tundu.